Shingo ya mama yaanguka kila jioni, nimwache mkandaji amguse?

Mwana wa Likoni
Salaam aleikum. Mamangu ana miaka 61, na mwaka jana alipatikana na miasthenia gravisi, ule ugonjwa ambao amri za mishipa ya fahamu hazifiki sawasawa kwenye misuli, ikachoka upesi. Zilianza kope, sasa ni shingo. Asubuhi apika mahamri kama kawaida, lakini ikifika alasiri kidevu kimeshuka kifuani, mkono mmoja umekiinua kama mtu mwenye mawazo. Kwenye feri watu wamwambia, "Mama, amka!" Tena eksirei ya juzi ilionyesha pingili mbili za shingo zinateleza akiinama. Tumepewa kola ya kushikilia shingo, ila hatukuambiwa aivae vipi. Sasa shangazi ameleta mzee wa kukanda, asema ataizungusha shingo mara moja irudi mahali pake. Nimkubalie?

Leso Mbili
Usithubutu! Mabega apakwe mafuta ya nazi akitaka. Shingo, hapana.

Fundi wa Viungo
Mimi ni wa mazoezi ya viungo. Usichanganye mambo mawili. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 4 hadi 5, misuli ikichoka lazima kishuke. Hilo lasumbua, lakini dawa yaweza kusaidia. Pingili kuteleza ni habari nyingine, maana ndani yake mwapita mshipa mkuu wa fahamu wa uti wa mgongo, na ukibanwa mtu aweza kupooza. Huko kuzungusha ndiko nikuogopako.

Muulize leo. Akiinama, kuna kitu kama stima kinachopita mgongoni? Miguu yamkakamaa, au anapepesuka? Mkojo wamponyoka? Vidole vina ganzi, au vimekuwa vizito? Miasthenia hailetei mtu ganzi, kwa hiyo ukiisikia usiseme "ni ule ule ugonjwa." Moja tu likiwa ndiyo, hospitali leo hii, na muulizie MRI ya shingo, ile picha ionyeshayo mishipa ya ndani. Kola aivae akiketi, akitembea na akiwa garini. Ya kulala mwulizeni daktari aliyeiona eksirei.

Kijana wa Majengo
Pole ndugu. Mamangu mdogo ana huo huo. Tuktuk na matuta yetu haya, mwepushe. Vidonge vya pairidostigmini sisi twampa kama nusu saa kabla ya chakula, kwa maelekezo ya daktari wake, ili ameze vizuri. Akipaliwa kila mara au akikosa pumzi, msingoje asubuhi. Na duka la dawa waambieni ugonjwa wake kabla ya kununua chochote: antibiotiki kama gentamisini na siprofloksasini zaweza kumzidishia udhaifu.

Leso Mbili
Na huyo shangazi mpe chai, aende zake.

Mwana wa Likoni
Nimemuuliza. Stima hakuna, mkojo sawa. Nikataka kufunga simu, ndipo aniambia wiki mbili sasa hawezi kufunga pini ya mtandio, jirani ndiye humfungia. "Nilidhani ni macho," asema.

Fundi wa Viungo
Nendeni sasa. Hilo la pini mwambieni daktari kabla ya lolote.

Mwana wa Likoni
Tumevuka. Yuko kwenye foleni, ameketi wima, kola ameifunika kwa leso kwa sababu asema rangi yake ni ya hospitali. Shangazi hajapokea simu yangu.