Siagi ya karanga ya nyumbani huku nikiwa bado nimeajiriwa: je, hii ni faida kweli?

Binti wa Uluguru ameuliza:

Habari za leo, wanajukwaa. Ninaishi Morogoro na nimeajiriwa na kampuni binafsi kama msaidizi wa mhasibu, kwa mshahara wa shilingi 650,000 kwa mwezi kabla ya makato. Tangu Januari nimekuwa nikitengeneza siagi ya karanga nyumbani, jioni na siku za Jumamosi, nikiwauzia majirani, waumini wenzangu na duka moja la mtaani. Kila baada ya wiki mbili ninanunua kilo 20 za karanga kwa shilingi 3,500 kwa kilo, na baada ya kuchambua, kukaanga na kupeta maganda ninabaki na kilo 16 hivi, zinazojaza makopo 40 ya gramu 400. Makopo matupu ni 20,000, lebo 4,000, gesi 6,000, kusagisha 5,000 na bodaboda 5,000. Ninauza kopo kwa 4,000, kwa hiyo ninapokea 160,000 na kubakiwa na 50,000.

Mume wangu anasema nikiacha kazi na kutengeneza kila siku, faida itaongezeka mara sita. Mimi nasita. Isitoshe, mkataba wangu una kifungu kinachokataza kufanya shughuli nyingine ya kipato bila idhini ya maandishi, nami sijawahi kuiomba. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kupita njia hii.

Mchemsha Sabuni amejibu:

Dada, nimeipita kwa miaka miwili, nikitengeneza sabuni ya maji huku nikiwa mlinzi wa stoo. Muda wote huo niliamini ninapata faida, kumbe mshahara ulikuwa unaifadhili biashara kimyakimya: maji yalilipwa kwenye bili ya nyumba, vocha ya kuwapigia wateja ilitoka mfukoni mwangu, na mdaiwa aliponikimbia nilifidia kwa mshahara wa mwezi uliofuata bila kuandika popote. Siku niliyoachishwa kazi ndipo nilipogundua kwamba sabuni haikuwa na uwezo hata wa kujinunulia madumu.

Kwa hiyo nakuuliza, wewe unayepiga hesabu za watu kutwa: katika orodha yako, saa zako ziko wapi? Kuchambua kilo 20 kwa mkono, kukaanga, kupeta, kwenda mashineni, kufungasha, kuosha vyombo, kusambaza na kufuatilia madeni haviwezi kupungua saa 18 kwa mkupuo mmoja. Gawa 50,000 kwa 18, unapata kama shilingi 2,780 kwa saa. Ajira yako, kwa saa 45 kwa wiki, inakulipa zaidi ya 3,300 kwa saa. Na ikiwa makopo sita yamekopwa na hayajalipwa, toa 24,000. Unabaki na 26,000, yaani chini ya 1,500 kwa saa. Hiyo ndiyo kazi unayoshauriwa uifuate kwa kuiacha hii nyingine.

Afisa Utumishi amejibu:

Naanza na mkataba, kwa kuwa huo unaweza kukuondoa kazini kabla karanga hazijakuondoa. Andika barua fupi kwa mwajiri, ueleze unatengeneza nini, saa ngapi na wapi, na useme wazi kwamba bidhaa yako haishindani na shughuli za kampuni. Waajiri wengi niliowafanyia kazi hukubali jambo la namna hii; kinachowaudhi ni kuligundua wenyewe, hasa wanapokuta lebo zimechapwa kwa printa ya ofisi au makopo yamepangwa chini ya meza yako. Hakikisha idhini inarudi kwa maandishi, na utunze nakala nyumbani. Nakushauri pia usiwauzie kwa mkopo wafanyakazi walio chini yako, kwani siku utakapodai, utadai ukiwa mkubwa wao wa kazi, na lawama zake huwa hazina mwisho.

Kuhusu kuacha kazi, kuna fedha usiyoiona. Ikiwa mwajiri wako huchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara, kama ilivyo desturi, hiyo ni 65,000 kila mwezi juu ya mshahara wako. Karanga zinakupa kama 100,000 kwa mwezi, kabla ya kulipia saa zako. Ukijiajiri unaweza kuendelea kuchangia NSSF kwa hiari, lakini sehemu zote mbili, yako na ya mwajiri, zitatoka kwako.

Neno moja kuhusu kodi. Namba yako ya mlipakodi, yaani TIN, ni moja tu, kwa hiyo usiombe nyingine. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, waongeze biashara kwenye hiyo hiyo. Wala usinakili makadirio ya jirani mwenye genge, maana utaratibu ule mwepesi wa kodi ya makadirio umewekwa kwa mtu ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara, na wewe una mshahara.

Msindikaji wa Dodoma amejibu:

Namheshimu kaka wa sabuni, ila kipimo chake cha saa sikubaliani nacho. Saa ya ofisini ina mnunuzi. Saa ya Jumamosi jioni haina mwingine wa kuinunua, kwa hiyo kuilinganisha na mshahara ni kujikatisha tamaa bure. Swali la haki ni hili: ukimwajiri mtu akuchambulie na kukufungashia, utamlipa kiasi gani, na je, kopo la 4,000 litaweza kumlipa na bado likakuachia kitu? Biashara isiyoweza kumlipa msaidizi haitakua hata ukiacha kazi. Hayo makopo 240 anayoyapigia hesabu shemeji, atayala nani? Majirani ni wale wale.

Linalonitia hofu zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga ni ndugu yake wa karibu katika hatari. Kukaanga hakuiondoi. Kinachosaidia ni kununua karanga zilizokaushwa juu ya turubai na kubanguliwa zikiwa kavu, kwa sababu wabanguaji wengine hulowesha maganda ili yalainike, na unyevu huo ndio chakula cha kuvu. Kisha kuondoa kila punje iliyosinyaa, iliyovunjika au iliyobadilika rangi. Hizo kilo zinazopotea kati ya 20 na 16 zisikuume, na usije ukazitupia kuku au kumuuzia mtu wa bei ya chini. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu za sumukuvu zote kwa kilo moja, na jicho haliwezi kukipima. Peleka sampuli maabara.

Tangu 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kuvitengenezea, uliokuwa TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa), uko TBS, yaani shirika la viwango. Anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani kwako, upate mafunzo na barua ya utambulisho, ambayo huwapunguzia wajasiriamali wadogo gharama za alama ya ubora. Utahitaji chumba cha peke yake. Jiko la kupikia ugali wa watoto halitakubaliwa. Na hiyo mashine ya mtaani, ulishauliza inasaga nini kabla yako? Mimi siagi yangu ya kwanza ilinukia pilipili, na kabla ya hapo nilikuwa nimeunguza blenda ya nyumbani kwa kujifanya mjanja.

Binti wa Uluguru amejibu:

Asanteni sana. Nimerudi kwenye daftari na kuona aibu: makopo ya mkopo ni tisa, si sita, na saa zangu ni 21. Barua kwa mwajiri nimeiandika jana na nitaipeleka Jumatatu. Mashine ya mtaani kweli husaga viungo vya pilau, hivyo nimesitisha mkupuo ujao hadi nipate nyingine. Nikimlipa mama wa jirani 20,000 kwa kuchambua na kufungasha, kopo moja linapanda kwa shilingi 500. Je, niuze 4,500 au 5,000?

Msindikaji wa Dodoma amejibu:

Duka nalo lazima lipate chake, kwa hiyo weka 5,000 kwa mlaji na 4,500 kwa mwenye duka, taslimu. Waliokopa hayo makopo tisa wasipate kopo lingine kabla hawajalipa la kwanza.