Pasta asema yeye ndo kuhani wangu mbele za Mungu, nami nimesoma Waebrania nimechanganyikiwa. Nishaurini jamani

MamaMahamri
Hamjambo ndugu zanguni. Mie nauza mahamri na mbaazi hapa Mikindani karibu na steji, saa kumi alfajiri niko jikoni. Tangu mwaka jana naabudu kwa kanisa moja dogo, sitalitaja, na kila Ijumaa ya kesha kuna kitu chaitwa bahasha ya kifuani. Waandika jina lako na ya watoto, watia mia tano, pasta azifunga zote kwa kitambaa azivaa kifuani halafu aingia kachumba ka nyuma ya madhabahu kutuombea. Asema Haruni, kuhani mkuu wa kale, alibeba majina ya Israeli kifuani, na yeye ndo kuhani wetu, ombi lako peke yako halifiki mbali. Bahasha yangu yajulikana hata bila kusomwa maana imeloa mafuta na yanukia iliki, watu hucheka.

Sasa mwezi uliopita biashara ilikuwa mbaya nikakosa Ijumaa mbili. Nikaambiwa jina langu limetoka kifuani. Wiki hiyo hiyo kijana wangu afanyae kibarua bandarini akateleza akavunjika mkono. Pasta hakusema kitu, aliniangalia tu, na mie nikaelewa vile alitaka nielewe.

Juzi nangoja mafuta yapate moto nikafungua Waebrania 7, nikakuta kuhusu Yesu, "aweza kuwaokoa kabisa wao wamjiao Mungu kwa yeye; maana yu hai sikuzote ili awaombee." Nikairudia mpaka mahamri ya kwanza yakaungua. Kama aniombea sikuzote, ile mia tano nalipia nini? Lakini naogopa kuacha, kijana akipatwa na jingine sitajisamehe. Nifanyeje?

NeemaTele
Dada usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Hata Abrahamu alimpa Melkizedeki, yule mfalme wa Salemu aliyekuwa kuhani, fungu la kumi. Watu wakiambiwa watoe ndo wakumbuka kusoma Biblia 😂

Mzee_wa_Kengeleni
Neema mwanangu, isome hiyo Mwanzo 14 kuanzia aya ya 18. Melkizedeki alikuja na mkate na divai, akambariki Abramu, ndipo Abramu akatoa. Hakuambiwa usipotoa jina latoka.

Mama, ya Haruni ni kweli iko, Kutoka 28, mawe kumi na mawili ya majina ya makabila kumi na mawili. Lakini ni makabila yote, mwenye nacho na asiye nacho, hakuna jiwe lililong'olewa kwa sababu Zabuloni hawakulipa wiki hiyo. Na kule Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha hema la ibada, kuhani mkuu aliingia siku moja tu kwa mwaka, Walawi 16, tena kabla ya yote achinje ng'ombe kwa dhambi zake mwenyewe. Halafu akifa aingia mwingine, akifa huyo mwingine tena. Ndo maana mwandishi wa Waebrania ashikilia Zaburi 110, "Wewe u kuhani milele kwa mfano wa Melkizedeki", maana Yesu hata si wa Lawi, kabila watokako makuhani, ni wa kabila la Yuda, kwa torati hangeruhusiwa kugusa madhabahu. Melkizedeki aingia kwa hadithi bila kutajwa babake wala mamake, wala kuzaliwa wala kufa. Ukuhani wa namna hiyo haurithiwi, na Yesu hajafa tena hata aachie mtu. Sasa pasta wako kaupokea kwa nani?

Soma pia Waebrania 10:11-12. Makuhani wa zamani wasimama kila siku. Yesu alitoa dhabihu moja, akaketi.

NeemaTele
Kwani hema halikuwa na kiti cha rehema mzee?

Mzee_wa_Kengeleni
Hicho ni kifuniko cha sanduku la agano mwanangu, hakuna kuhani aliyethubutu kukikalia. Kulikuwa na meza, taa, madhabahu ya kufukizia uvumba, pa kukaa hapana. Kazi ilikuwa haiishi. Muulize huyu mama, tangu saa kumi asimama jikoni, akaa saa ngapi? Beseni likiisha.

Bin_Likoni
Mie Muislamu napita tu, msinipige 😅 mwasema Yesu ni Mungu, sasa amwombea mtu kwa nani?

Katekista_Tudor
Karibu Bin. Kwetu Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, Mtaguso wa Kalkedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulilinena hivyo. Kuhani lazima atoke kwa watu anaowasimamia, Waebrania 5:1, kwa hivyo awaombea kama mwanadamu, mbele za Baba. Najua hatutakubaliana hapo, ila swali ni zuri.

Mama, sisi Wakatoliki tuna mapadre, na twatoa sadaka ya nia ya misa, yaani kumwomba padre aiombee haja yako kwenye misa, siwezi kujifanya hatutoi. Lakini padre hana ukuhani wa mfukoni mwake, ni ule ule mmoja wa Kristo, na misa si dhabihu mpya. Tena sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, yawahimiza mapadre waadhimishe kwa nia za wahitaji hata wakiwa hawakupewa kitu. Kukufutia jina ni biashara ya mtu.

MamaWawili
Wote mmesahau mkono. Dada, kijana aliteleza wapi na alivaa viatu gani? Wangu alianguka huko huko, sakafu ilikuwa na mafuta, na mie sijawahi kukosa sadaka. Hizo mia tano mbili ndo buti hizo sokoni Kongowea, za mtumba.

MamaMahamri
Nimerudi. Alivaa ndara 🤦🏾‍♀️ hakuwa amenambia.

Ijumaa nilienda bila bahasha. Majina yakasomwa, langu halikuwemo, moyo ulinienda mbio wallah nusra nikope mia tano kwa jirani. Nikafumba macho nikamwambia Yesu yangu mwenyewe, maneno machache tu ya mkono wa kijana, nikatoka kabla kesha halijaisha. Nimemtumia pasta ujumbe kwamba sitatoa bahasha tena, ameuona, kimya.

Katekista, huko kwenu kuna ibada ya jioni? Asubuhi mie niko kwa mafuta.