Ushauri: valvu ya mvuke inakwama, naifunguaje bila kuharibu?

Mwana_Pwani7 (Jumamosi, saa 2:14 usiku)
Wadau, salaam aleikum. Mimi fundi kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia huku Changamwe, jina nalihifadhi. Tuna valvu ya mvuke ya inchi mbili, ile inayofunguliwa kwa hewa na kufungwa na springi. Inakwama. Chumba cha kontroli wakiiamuru nusu, inakaa kimya, halafu ghafla inaruka mpaka karibu mwisho. Mafuta yanapanda joto, kelele napigiwa mimi. Kesho mtambo umelala, nataka niibomoe yote: kichwa chenye springi, boneti (kifuniko cha mwili), plagi inayoziba mvuke, na siti inapokalia plagi. Nianzie wapi? Nishavuka feri, niko nyumbani Likoni, alfajiri narudi kazini. Jibuni haraka tafadhali.

Kahawa_Tungu
Kwanza umekula? Valvu haifunguliwi na njaa.

BintiKongowea
Kaka, mvuke si wa kuchezea. Shemeji yangu aliunguzwa mkono na mvuke asiouona. Ule mweupe mnaouona nje ushapoa. Mvuke wenyewe hauna rangi, na kwa shinikizo la bar 7 una joto la nyuzi 170. Mpaka leo hashiki kikombe vizuri. Mwambie supavaiza.

Spana_17
Umenikumbusha nikiwa kibarua Kilindini, kwenye meli moja ya mizigo. Injinia wao alikuwa mkali kuliko pilipili mbuzi. Alitupa boneti tuifungue, mwenzangu akatoa nati zote nane kwa mpigo. Bahati yake ilikuwa maji ya baridi! Tulilowa mpaka soksi, na ugali tukanyimwa siku hiyo. Siku zile meli walikuwa wanalipa vizuri lakini, si kama sasa.

Mwana_Pwani7
Asante, ila hakuna aliyejibu swali.

Mzee_wa_Shimanzi
Nitajibu, lakini kwanza wewe. Ilianza kukwama lini, na nani aliigusa mwisho?

Mwana_Pwani7
Juzi juzi tu. Mzee wangu, nauliza namna ya kufungua, si historia yake.

Mzee_wa_Shimanzi
Mwanangu, valvu haina juzi juzi. Kukaa kimya kisha kuruka ni msuguano. Hewa inajaa kichwani, fimbo ya plagi imebanwa, nguvu ikishinda inaponyoka. Nani aliibana?

Mwana_Pwani7 (saa 3:02)
Sawa. Alhamisi ilikuwa inavuja mvuke shingoni, nikabadilisha pakingi, zile pete za kuziba mvuke kwenye fimbo. Zilitoka pete tano, mimi nikatia sita ili ishike. Bado ikafuka kidogo, nikaongeza bomba kwenye spana nikakaza nati za glandi inayobana pakingi. Mtu yeyote angefanya hivyo, kuvuja kuliisha! Ndiyo maana nataka niifungue mwenyewe kabla injinia hajaja Jumatatu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Na leo jioni nilishapunguza kazi: nimetoa bolti fupi zote za zile sinia mbili za kichwa, vifuniko vinavyobana springi, zimebaki ndefu mbili tu.

Mzee_wa_Shimanzi
Umeziacha hivyo ukaenda nyumbani?

Mwana_Pwani7
Nimefunga hewa. Kibandiko sikuweka, lakini mtu mwenye macho ataona.

BintiKongowea
Ya Rabi. Shifti ya usiku ipo?

Mwana_Pwani7
Wapo wawili. Hawagusi upande ule.

Mzee_wa_Shimanzi
Nisikilize. Zile mbili ni ndefu makusudi, ndizo zinazoishusha springi pole pole, nati hii mzunguko mmoja, ile mzunguko mmoja, mpaka ilale. Sinia yenye eneo la sentimita za mraba 700, ikiwa springi imebanwa kwa bar 0.2, ni kama kilo 140 zinasukuma kifuniko hata bila hewa. Sasa mtu aje usiku afungue hewa, na bolti mbili tu ndizo zinazoshika. Mpigie simu wa shifti SASA, atie kufuli kwenye hewa.

Kesho usibomoe kitu. Rudisha bolti fupi, kaza kwa kukingamisha. Funga mvuke mbele na nyuma, fungua doreni utoe mvuke uliobaki, usiamini geji peke yake. Ngoja ipoe. Hapo ndipo ulegeze nati za glandi, utoe pakingi yote, utie pete tano, kila kiungo cha pete kipishane na cha chini yake. Nati kaza kwa vidole, kisha robo robo huku unaipandisha na kuishusha. Chunguza fimbo kwa ukucha: ukucha ukinasa, imechunika, na pakingi mpya haitakusaidia.

Mkia_wa_Taa
Ngojeni. Huyu mwezi uliopita alilia hapa kwamba mifereji imekauka nyumbani kwake MIKINDANI, upande ule ule wa Changamwe. Mtu wa Mikindani kutoka Changamwe anapandia nini feri? Hii ni kazi ya darasani ya mwanafunzi wa chuo, nyinyi mnamfanyia hesabu za springi bure.

Spana_17
Hata mimi nilishangaa, fundi gani hajui kukaza glandi.

Kahawa_Tungu
Mzee, umeliwa.

Mwana_Pwani7
Si uongo. Nina nyumba mbili.

Mkia_wa_Taa
Fundi wa mkataba, nyumba mbili?

Mwana_Pwani7
Likoni ni kwa mke wa pili. Wa Mikindani anajua niko shifti ya usiku. Turudi kwenye valvu tafadhali.

BintiKongowea
Haturudi! Kumbe kuficha ni tabia, injinia asijue, mke asijue. Wa Mikindani yumo humu huenda anasoma.

Kahawa_Tungu
Na huko napo umetia pete ya sita ukakaza na bomba.

Mzee_wa_Shimanzi
Mambo ya nyumba zake hayanihusu. Umepiga simu?

Mwana_Pwani7 (saa 4:20)
Nimepiga. Wametia kufuli. Wamecheka, na injinia nadhani ashaambiwa.

Mwana_Pwani7 (Jumapili, saa 5:40 asubuhi)
Mzee wangu, fimbo ni safi, ukucha haunasi. Vidole vimejaa weusi wa pakingi tu. Ila bolti za kichwa zimepungua moja, fupi. Nimepekua sakafu yote.

Mzee_wa_Shimanzi
Ovaroli ya jana uliivulia wapi?

Mwana_Pwani7
Likoni.

Kahawa_Tungu
Wahi feri.