Kuna mchonga sanamu aliyewahi kuandika kitabu?

PatasiDom: Habari zenu wakuu. Mi nachonga viti na vinyago vya mninga hapa Chang'ombe Dodoma, mwaka wa kumi na mbili sasa. Juzi mteja mmoja mzee kanambia niandike kitabu cha maisha yangu, nikacheka, maana mimi na kalamu hatujawahi kuelewana. Hivi yupo mchongaji aliyeandika kikasomwa, au mzee alikua ananipamba tu nimpunguzie bei?

MbuyuMmoja: Yupo bwana, tena mkubwa. Benvenuto Cellini wa Florence, Italia, kazaliwa 1500 kafa 1571, alianza na ufundi wa dhahabu, sanamu zikafuata. Maisha yake alianza kuyaandika 1558 kwa mkono wake, akaona anapoteza muda wa kazi, basi akawa anasimulia huku anapiga kazi, kuna dogo pembeni anaandika. Kilichapwa 1728, mwenyewe kaburini zaidi ya miaka 150 😅 Kitabu chake kingine, cha ufundi wenyewe, kilitoka 1568 akiwa hai.

Patamu ni pale anaposubu, yaani anayeyusha shaba aimimine kwenye kalibu, sanamu ya Perseus, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki kashika kichwa cha Medusa, zimwi la kike lenye nywele za nyoka. Siku yenyewe homa ikamlaza, mara anaambiwa kazi imeharibika, shaba imeanza kuganda tanuruni, akatoka na homa yake anafokea kila mtu, akaongeza kuni za mwaloni moto ukapanda, halafu akakusanya sahani na vyombo vya bati vya nyumbani kama 200 akavitupia humo, shaba ikatiririka. Sanamu ilizinduliwa 1554, ipo mpaka leo Florence.

SubuKizota: Hapo kwenye sahani namuamini, sisi wa sufuria tunaelewa. Shaba tupu inataka moto mkali na kuimimina ni shida, ukitia bati inayeyuka mapema na inafika kwenye kona zote za kalibu. Ila jamani sio bati la kuezekea, lile ni chuma kilichopakwa zinki, msije mkabomoa paa la mama mkwe.

BintiKondoa: Mi nilikisoma kwa Kiingereza. Jamaa ana sifa huyo! Eti Roma ilipovamiwa 1527 yeye ndo alimpiga risasi mkuu wa jeshi la wavamizi, na watu aliowaua anawasimulia kama anakwambia alichokula jana. Kila ugomvi mwenye haki ni yeye. Ukimsoma punguza nusu, ila habari za tanuru sikupunguza kitu, pale unasikia kabisa ni fundi anaongea.

PatasiDom: Asanteni sana. Binti yangu yuko fomu tuu, nitamkalisha na daftari jioni. Shida ni tezo, ikianza kulia hata mimi mwenyewe sijisikii.

SubuKizota: Msimulie ukiwa unapiga msasa.