Somerset: watu waliulizwa, wakajibu, kisha wakaamuliwa kinyume. Hii ni haki?

Mama Khalfan
Wadau, habari za jioni. Naishi Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka wa tisa sasa, nalea wazee majumbani. Leo bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 88, kanifungulia kopo la biskuti analowekea karatasi zake. Ndani mna barua ya ile kura ya maoni ya 2021, kaikunja mara nne, kaipanga pamoja na cheti chake cha ndoa.

Kwa wasiojua: hapa palikuwa na halmashauri ya kaunti na chini yake halmashauri 4 za wilaya. Serikali ikataka ngazi moja. Kaunti ikasema iwe halmashauri moja kwa eneo zima, wilaya zikasema ziwe mbili, mashariki na magharibi. Wilaya zikaitisha kura, na asilimia 65 ya waliopiga wakataka mbili. Julai 2021 waziri, Robert Jenrick, akachagua moja. Tarehe 1 Aprili 2023 zote 5 zikavunjwa, ikaanza Somerset Council yenye madiwani 110.

Bibi kaniuliza, "Sasa waliniuliza ya nini?" Nimekosa jibu. Mnaonaje, ni haki kumuuliza mtu kisha ukamwacha na karatasi mkononi?

Kibaraza
Mleta mada, weka na hesabu nyingine basi. Waliopiga ile kura walikuwa kama robo tu ya wenye haki. Halafu walioitisha ni wilaya zenyewe, ambazo viti vyao ndivyo vilikuwa vinaondoka. Mtu hawezi kuwa mchezaji na refa.

Bonde la Tone
Kibaraza ana hoja. Ngazi mbili zilikuwa tabu tupu. Kisheria wilaya ndiyo inazoa taka, kaunti ndiyo inazitupa. Barabara kaunti, kibali cha kujenga wilaya. Mwananchi akipiga simu anarushwa kama mpira. Na hizo wilaya zenyewe hazikuwa na mizizi kihivyo: Taunton Deane na West Somerset ziliunganishwa 2019, hiyo mpya ikadumu miaka 4 tu, ikafutwa. Banda la mnadani hudumu kuliko hivyo.

Mama Khalfan
Robo! Kila mtu anakimbilia robo. Madiwani wenyewe huchaguliwa na wachache na hatuwaambii warudi nyumbani.

Mwana wa Mrima
Mnabishana juu ya kura, pesa hamziangalii. Waliotaka halmashauri moja waliahidi kuokoa pauni milioni 18.5 kila mwaka. Novemba 2023, miezi saba baada ya kuanza, halmashauri ikafilisika. Ndiyo faida ya ukubwa hiyo.

Bonde la Tone
Haikufilisika, tusikoroge mambo. Ilitangaza hali ya dharura ya fedha, ikiona pengo la pauni milioni 100 kwa mwaka uliofuata. Kufilisika rasmi ni ile ilani waliyotoa Northamptonshire 2018, na kaunti ile ikaja kuvunjwa 2021 ikawa mbili. Ya Somerset yametokana zaidi na gharama za kulea wazee na walemavu, na kodi ya halmashauri iliyogandishwa miaka mingi kuanzia 2010. Ungekuwa na halmashauri moja au kumi, wazee ni walewale.

Mwana wa Mrima
Sawa, dharura. Lakini 2025 kodi ikapanda asilimia 7.5 kwa ruhusa maalumu ya serikali, wakati wengine ukomo wao ni asilimia 5. Na vitu ambavyo Somerset Council haiviwezi tena vinasukumwa kwa halmashauri za miji na vijiji. Taunton haikuwa hata na halmashauri ya mji, imeundwa hiyo hiyo 2023. Walifuta ngazi moja juu, wakaotesha nyingine chini.

Simba wa Reli
Nawashangaa. Mmekuja kubeba maboksi na kubadilisha wazee nepi, leo mnagombania halmashauri za Wazungu. Hii nchi ina wenyewe. Waachieni.

Mama Khalfan
Simba, kazi yangu unaitaja kama tusi. Huyo mzee ninayembadilisha ndiye alinifundisha njia za hapa nilipokuwa sijui basi linaposimama. Kodi ya halmashauri inakatwa akaunti yangu kila mwezi, miezi kumi kwa mwaka. Mwanangu anasoma hapa. Mimi ni mwenyewe kama alivyo jirani yangu, na kura napiga.

Mombasani
Wallahi umemjibu vizuri dada yangu. Tena Simba ajue: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Mkenya, Mtanzania, Mganda, akiwa na kibali cha kuishi Uingereza anajiandikisha na kupiga kura, ya diwani hata ya bunge. Ni haki ya kisheria, hatuombi.

Rumonge
Mombasani, na sisi? Mimi ni Mrundi, nchi yetu haimo. Nalipa kodi ileile, niko hapa toka 2014, nachambua taka zangu kama walivyoagiza, na siwezi kumchagua hata diwani wa kijiji. Mnyarwanda jirani yangu anapiga, kwa kuwa Rwanda iliingia 2009. Tumevuka mpaka mmoja, tukafika hapa tofauti.

Simba wa Reli
Sasa Rumonge unalilia kura ya nini? Chukua uraia.

Rumonge
Uraia ni pesa kaka, na nina watoto wanne. Usiongee kama unauokota sokoni.

Mombasani
Pole ndugu yangu, ni kweli inauma. Wengine wetu tuliipata bila kutoa jasho halafu siku ya kura tunalala. Mama Khalfan, wewe ugombee huko mjini kwenu!

Bonde la Tone
Angalizo: kupiga kura kibali chochote halali kinatosha, kugombea lazima uwe na ukaazi wa kudumu. Asije mtu akajaza fomu akaumia.

Kibaraza
Naona tumefika Bujumbura. Mama Khalfan, bado sijajibiwa kuhusu ile robo.

Mama Khalfan
Bibi alikuwa ndani ya hiyo robo. Alitembea na mkongojo mpaka sanduku la posta karibu na kanisa, mvua inanyesha. Hata wangekuwa kumi tu waliojibu, aliyewauliza alipaswa kuwarudia awaambie kwa nini. Ukaazi ninao. Nitaulizia hizo fomu.

Mwana wa Mrima
Uchaguzi wa hapo ni Mei 2027. Kumbuka kitambulisho cha picha, toka 2023 hawakupi karatasi bila hicho. Pasi ya Tanzania inakubalika.

Mombasani
Na iliyokwisha muda?

Mwana wa Mrima
Hata hiyo, mradi sura bado inafanana.