Uvimbe usio wa saratani kwenye pingili ya kiuno: kupasuliwa au kuunguzwa kwa sindano?

Mama wa Kayole:
Wanajukwaa, hamjambo. Mwanangu wa kidato cha pili anaumwa na mgongo, hasa usiku. Akimeza ibuprofeni hupata nafuu, kisha maumivu hurudi. Skani ya CT imeonyesha uvimbe wa mfupa uitwao osteoidi osteoma, wa milimita 9, upande wa nyuma wa pingili ya nne ya kiuno, na mgongo umeanza kupinda. Daktari anapendekeza upasuaji, ilhali jirani anasema siku hizi uvimbe huo huunguzwa kwa sindano. Je, kwa nini tusichague sindano, na ni lazima atiwe skrubu za kushikilia mgongo?

Muuguzi wa Mifupa:
Pole, mama. Jirani hakukosea: kwa uvimbe wa paja au muundi, sindano ndiyo huchaguliwa kwanza. Hata hivyo, ncha yake hufikia nyuzi 90 hivi, na mgongoni joto hilo, lisipozuiwa na mfupa mzima, huweza kuunguza neva iliyo karibu. Kwa hiyo muulize daktari kiini cha uvimbe kiko umbali gani kutoka kwa neva.

Uvimbe huu hausambai mwilini, na wakati mwingine hufifia wenyewe baada ya miaka, ndiyo maana wapo wanaotunzwa kwa dawa pekee. Kwa mwanao, kupinda ndiko kunakobadilisha uamuzi, kwa kuwa misuli hukaza upande unaouma, na kijana anayekua akikaa hivyo muda mrefu, mifupa yenyewe hufuata pindo hilo. Uvimbe ukitolewa kabla ya takriban miezi 15 tangu maumivu yaanze, mara nyingi mgongo hunyooka bila matibabu mengine.

Skrubu si lazima. Huhitajika iwapo, ili kukifikia kiini, daktari atalazimika kukata sehemu kubwa ya kiungo kidogo kinachoshikanisha pingili mbili kwa nyuma, kwani pingili hizo huweza kulegea.

Msomaji wa Slaidi:
Hata skani ikiwa wazi, hakikisheni kinachotolewa kinapelekwa patholojia, maabara ya kuchunguza ni uvimbe wa aina gani. Ndugu yake uvimbe huu, osteoblastoma, kwa kawaida huzidi sentimita 2 na hurudi mara nyingi zaidi. Hata huu mdogo, kiini kikibaki, maumivu hurejea.

Mama wa Kayole:
Ahsanteni. Maumivu yalianza muhula uliopita, kwa hiyo muda bado upo. Kliniki ya Jumatano nitauliza kuhusu neva na kiungo hicho kabla ya kutia sahihi.