Gari la kilomita 312,000: niendelee kulitengeneza au niliuze?

Mkazi wa Kisasa:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninaishi mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma. Nina gari dogo la petroli la mwaka 2001 ambalo limeshatembea kilomita 312,000. Kila siku linanipeleka kazini Chamwino na kunirudisha, na kila mwezi ninakwenda nalo Kondoa kuwaona wazazi. Mwaka jana lilinila shilingi 2,300,000 kwa shokapu zote nne, bushi, boljointi na rejeta. Sasa linapowashwa asubuhi hutoa moshi wa bluu kwa muda mfupi, na likiwa limesimama huku injini inaunguruma, hutetemeka mpaka usukani unacheza. Fundi amesikiliza kwa dakika moja, akafuta mikono, akasema injini imekufa, ninunue nyingine ya mtumba. Dalali ananipa milioni 4. Gari hili ndilo lililompeleka mke wangu kujifungua mara mbili, lakini sitaki mapenzi yanifilisi.

Fundi, Chang'ombe:
Ndugu yangu, ugonjwa wa injini haupimwi kwa sikio. Kabla hujatoa hata shilingi moja, dai kipimo cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni, kwa silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Silinda itakayoonekana dhaifu itiwe kijiko kimoja cha oili, kisha ipimwe tena: presha ikipanda sana, ringi za pistoni zimekwisha na kazi ni kubwa, isipopanda, tatizo linaelekea liko juu, kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi, na hapo huna haja ya kununua injini nzima. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu, kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka. Je, kwenye rejeta unaweka nini? Maji yetu ya visima hapa Dodoma yana chumvi, na huacha ukoko ule ule unaouona ndani ya birika la chai, ukoko ambao huziba njia za kupoozea injini. Gari nyingi ninazozifungua zimeuawa na maji, wala si kilomita.

Mama wa Area C:
Kaka, zingatia pia usalama wa familia. Mimi niliendelea kutengeneza gari langu kwa sababu kila bili peke yake ilionekana ndogo, hadi lilipochemka kwenye mlima wa Nyang'oro saa tatu usiku, nikitoka Iringa na watoto watatu. Tulikaa pale mpaka alfajiri. Kwa hiyo, vyovyote utakavyoamua, gari hilo lisiende Kondoa kabla ya kupimwa.

Mkaguzi wa Hesabu, Nkuhungu:
Naungana na mama, ila naomba tusichanganye hesabu. Zile milioni 2.3 zimeshatoka, hazirudi. Ukiuza leo, shokapu na bushi mpya atazifaidi mnunuzi. Swali ni gharama ya mwaka ujao peke yake. Milioni 4 zitakupatia gari jingine la mkononi ambalo magonjwa yake huyajui, nawe utaanza tena kubadilisha bushi. Mimi ningeuza kwa sababu mbili tu: gia boksi ikianza kuteleza, au chesisi ikiliwa na kutu, kwa kuwa hizo hazina tiba ya bei nafuu.

Mkazi wa Kisasa:
Nashukuruni sana. Nimepima jana kwa fundi mwingine. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zimesoma presha ya 172, 170 na 174, ya tatu ikasoma 118, na baada ya kijiko cha oili ikapanda hadi 123 tu. Chini ya gari hakuna kutu, na gia zinaingia vizuri. Ameniandikia 680,000 kwa kufungua silinda hedi, kusaga valvu, kubadilisha sili zote na gasketi, na kupima kama uso wake haujapinda. Ni kweli, kwa miaka minne nimekuwa nikijaza maji ya bomba. Rejeta itasafishwa na kutiwa kulanti, ile dawa maalumu ya kupoozea injini. Kazi inaanza Jumamosi, na Kondoa mwezi huu nitakwenda kwa basi.